Kichupa Husikilizwa Kwanza

Tarehe 1 Agosti 1981 kituo cha MTV kilianza kurusha matangazo Marekani, na video ya kwanza ilikuwa ya Waingereza The Buggles, "Video Killed the Radio Star". Wasomi hawakukawia kuifuata biashara hiyo, ila walikwenda na zana za sinema. Laura Mulvey alikuwa ameonyesha mwaka 1975 jinsi kamera ya Hollywood inavyomtazama mwanamke kwa jicho la mwanamume. Hoja hiyo ingali na nguvu mbele ya vichupa vingi vya leo. Mwaka 1987 E. Ann Kaplan aliingia MTV na nadharia za filamu, akaona mkondo wa picha zilizokatikakatika, kisa kimoja hakijaisha kingine kimeanza.

Lakini wimbo ulikuwa wapi? Andrew Goodwin aliuliza hivyo katika kitabu chake cha 1992, na kwa maoni yangu hakuna swali lililoufaa uchambuzi huu zaidi. Picha zinazoonekana kutawanyika, alisema, huwa zimefungwa na beti, kiitikio na mdundo. Tena picha inaweza kuyaonyesha maneno kama yalivyo, kuyaongezea maana, au kuyapinga.

Chukua "Billie Jean" ya Michael Jackson, iliyoongozwa na Steve Barron mwaka 1983. Katika maneno, mwanamke anadai mtoto ni wa mwimbaji, naye anakana. Video haituonyeshi ugomvi huo. Inatuletea mpelelezi mwenye kamera anayemnyemelea Jackson, na picha ikitoka, Jackson hayumo. Ushahidi umekosekana! Shutuma ya wimbo imepata upande wa pili ambao maneno hayakuutaja. Mawe ya njia nayo yanawaka anapoyakanyaga, mdundo ukageuka mwanga. Mtu mweusi ndiye aliyeng'ara hivyo, katika kituo ambacho mwaka huohuo David Bowie alikilaumu hadharani kwa kuwapa wanamuziki weusi nafasi finyu. Jicho la filamu peke yake lisingeyaunganisha haya.

Stuart Hall, msomi mzaliwa wa Jamaika, alikwisha kueleza mwaka 1973 kwamba mtumaji huufunga ujumbe kwa maana yake, na mpokeaji akaufungua kwa yake: akaukubali, akaupunguza au akaukataa. Tanzania tuliliona hilo Novemba 2018. Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, lilipiga marufuku "Mwanza" ya Rayvanny na Diamond Platnumz kwa kukiuka maadili. Desemba wasanii hao waliuimba wimbo huo jijini Mwanza kwenyewe, wakazuiwa kufanya maonyesho. Zuio likaondolewa Januari 2019. Kilichowakera wakubwa hasa kilikuwa katika maneno, yale yale yaliyowafurahisha mashabiki. Mchambuzi atakayezima sauti ili aichunguze picha ya "Mwanza" vizuri hatajua hata ugomvi ulianzia wapi.