Nasaba ya Dai la Biblia ya 1611

Wapo Wakristo, wengi wao Wabaptisti wa makanisa ya kujitegemea huko Marekani, wasioruhusu mimbarani Biblia yoyote ya Kiingereza ila ile ya Mfalme James. Baadhi yao husema ndiyo tafsiri bora. Wengine husema haina kosa hata moja. Na wapo wanaokwenda mbali zaidi: kwamba Mungu aliwavuvia watafsiri wale kama alivyowavuvia manabii, hata Kiingereza chao kinaweza kukisahihisha Kigiriki cha mitume. Dai hilo hupenda kujihesabia miaka mia nne. Nasaba yake inasema vingine.

Januari 1604, katika kasri la Hampton Court, John Rainolds na Wapuritani wenzake walipeleka maombi yao kwa mfalme mpya. Walinyimwa karibu yote. Ombi la tafsiri mpya ya Biblia ndilo James alilolidaka, kwa kuwa Biblia iliyopendwa majumbani, ile ya Geneva, ilikuwa na maelezo ya pembeni yaliyomkera. Palipoelezwa wakunga wa Kiebrania, maelezo hayo yalisema ilikuwa halali kwao kutomtii Farao. Mfalme gani angependa raia wake wasome hilo kila jioni?

Wasomi wapatao 47 waligawanywa makundi sita, mawili Westminster, mawili Oxford, mawili Cambridge. Waliagizwa kufuata Biblia ya Maaskofu ya 1568 na kuibadili kwa uchache iwezekanavyo. Sehemu kubwa ya maneno waliyoyaacha mahali pake ilikuwa ya mtafsiri wa awali William Tyndale, aliyenyongwa kisha akachomwa moto mwaka 1536. Robert Barker akaipiga chapa mwaka 1611, pamoja na vitabu vya Apokrifa ambavyo watetezi wake wa leo hawavitaki.

Utangulizi wa kitabu hicho uliandikwa na Miles Smith, mmoja wa watafsiri, na mimi naona mjadala wote ungekuwa mfupi kama chapa nyingi za baadaye zisingeuacha. Smith anasema tafsiri za waliowatangulia, hata iliyo duni kuliko zote, ni neno la Mungu, kama vile hotuba ya mfalme hubaki kuwa yake ikitafsiriwa vibaya kwa lugha nyingine. Anasema walilenga kuifanya kazi nzuri iwe bora zaidi. Kisha anatetea maelezo ya pembeni: pale maana isipokuwa wazi, ni heri msomaji ajulishwe kwamba kuna njia nyingine ya kusoma. Mtu anayeamini anaandika kwa uvuvio haweki pembeni neno la akiba.

Watu wa zama zao nao hawakuwasujudia. Hugh Broughton, bingwa wa Kiebrania aliyeachwa nje ya kamati, aliishambulia kazi hiyo kwa ukali mkubwa mara tu ilipotoka. Na mwaka 1631 Barker huyohuyo alitoa chapa iliyosahau neno moja dogo katika amri ya uzinzi, ikawa kana kwamba Mungu anauagiza. Yeye na mshirika wake walitozwa faini ya pauni 300.

Chini ya Agano Jipya la watafsiri wale kulikuwa na Kigiriki kilichoanzia kwa msomi Erasmus, aliyechapisha toleo lake la kwanza Basel mwaka 1516. Kwa kitabu cha Ufunuo alikuwa na hati moja tu ya Kigiriki, nayo ilipoteza ukurasa wa mwisho. Erasmus hakusubiri nyingine. Aliichukua Biblia ya Kilatini akazirudisha aya za mwisho katika Kigiriki mwenyewe. Ndiyo maana katika Ufunuo 22:19 Biblia ya King James inataja kitabu cha uzima, kama Kilatini, na hati za kale za Kigiriki zinataja mti wa uzima.

Ugomvi wenyewe ulizaliwa 1881. Mwaka huo Waingereza walitoa Agano Jipya lililorekebishwa, na wasomi wawili, Westcott na Hort, wakatoa maandishi yao ya Kigiriki yaliyoegemea hati mbili za kale, ya Vatikani na ya Sinai. John William Burgon, mkuu wa kanisa kuu la Chichester, aliwajibu mwaka 1883 kwa kitabu chenye hasira na elimu nyingi. Lakini Burgon huyo alikiri kwamba hata Kigiriki cha akina Erasmus kilihitaji kusahihishwa. Chama kilichoundwa Marekani mwaka 1978 kwa jina lake kisingempokea kirahisi kuwa mwanachama.

Hatua inayofuata ndiyo ya ajabu. Mwaka 1930 Benjamin Wilkinson, Msabato, aliandika kitabu cha kuitetea Biblia ya King James. Hakikuvuma. Miaka 40 baadaye David Otis Fuller, mchungaji wa Kibaptisti wa Grand Rapids, alitia sura kadhaa za kitabu hicho katika mkusanyo alioutoa, bila kuwaambia wasomaji kwamba mwandishi alikuwa Msabato. Wabaptisti ambao wasingemkaribisha Wilkinson mimbarani wakaijenga imani yao juu ya hoja zake.

Peter Ruckman, wa Pensacola, Florida, akaongeza ghorofa ya juu. Katika Matendo 12:4, mahali ambapo Kigiriki kina Pasaka ya Kiyahudi, King James ina jina la sikukuu ya Kikristo. Kwa wengine ni masalio ya tafsiri za zamani. Kwa Ruckman, kosa ni ufunuo wa juu zaidi. D. A. Waite, kiongozi wa chama chenye jina la Burgon, alikataa: pumzi ya Mungu ilikuwa katika Kiebrania na Kigiriki, Kiingereza ni tafsiri iliyohifadhi kwa uaminifu. Kambi mbili zenye Biblia moja zikashindwa kushirikiana.

Mzigo mzito uliwaangukia wamisionari wao katika Amerika ya Kilatini. Walikuta Reina-Valera, Biblia ya Kihispania, na baadhi yao wakaanza kuipima kwa Kiingereza na kutaka kuirekebisha pale inapotofautiana nacho. Biblia ya Casiodoro de Reina ilichapwa Basel mwaka 1569, miaka 42 kabla ya ile ya Barker.