Sinema ya Pili ya Padri Merrin

Wasomaji wetu wengi wamepata kusikia habari za sinema ile ya Marekani iitwayo The Exorcist, maana yake Mpunga Pepo. Ilitoka siku ya pili ya Noeli, mwaka 1973, na watu walisimama mistari mirefu katika baridi ili waingie kuiona. Wengine walizimia humo ndani, wengine walitoka mbio. Lakini ni wachache wanaojua kwamba sinema hiyo ilizaa mtoto mwaka 1977, na ya kuwa mtoto huyo alichekwa tangu siku alipozaliwa. Jina lake ni Exorcist II: The Heretic, yaani Mzushi. Twataka kusimulia habari zake hapa, kwa sababu Padri ndiye kiini cha hadithi, na tena sehemu yake kubwa yasemwa kuwa ilitukia Afrika.

Kwanza tuikumbuke ile ya mwanzo. William Peter Blatty alikuwa mwanafunzi wa Wayezuiti huko Georgetown, katika mji wa Washington, aliposoma gazetini mwaka 1949 habari za mvulana mmoja aliyepungwa pepo na mapadri. Habari hizo hazikumtoka moyoni. Mwaka 1971 akatoa kitabu, na mahali pa mvulana akaweka msichana, Regan. Miaka miwili baadaye William Friedkin akakifanya sinema. Friedkin hakuwa Mkatoliki, lakini aliishika ibada kwa heshima. Wayezuiti wawili wa kweli, Padri William O'Malley na Padri Thomas Bermingham, walicheza ndani yake. Mapadri wa hadithi, Merrin mzee na Karras kijana, hawana silaha ila stola, maji ya baraka na sala. Merrin anakufa katikati ya kazi. Karras anamwita pepo aingie ndani yake mwenyewe, kisha anajitupa dirishani, na mtoto anapona. Hata mtazamaji asiye na dini aliona kwamba watu hao wawili waliamini maneno waliyoyatamka.

Basi, ndani ya sinema hiyo mna maneno machache tu juu ya Afrika. Wakuu wa Kanisa wanatafuta padri wa kufanya kazi ile, na mmoja wao anakumbusha ya kuwa Merrin aliwahi kupunga pepo huko Afrika, miaka kumi au kumi na miwili nyuma. Kazi hiyo ilidumu miezi, nayo karibu imwue. Hatuambiwi ni nchi gani, wala aliyepungwa ni nani. Jambo linatajwa na kuachwa gizani, na kwa kuachwa gizani latisha zaidi. Maneno hayo machache ndiyo mbegu ya sinema ya pili.

Kampuni ya Warner Bros. ilikuwa imepata fedha nyingi, ikataka nyingine. Mwanzoni kazi ilifikiriwa kuwa ndogo, yenye kutumia tena vipande vya ile ya kwanza. Blatty alikataa kushiriki, na Friedkin vilevile. Ellen Burstyn, aliyecheza mama yake Regan, naye akakataa. Ndipo kazi ikapewa John Boorman, Mwingereza mwenye sifa. Kumbe huyo ndiye aliyekuwa amepewa nafasi ya kuongoza sinema ya kwanza akaikataa, kwa sababu aliona ni hadithi ya kumtesa mtoto tu! Sasa alikubali ili atengeneze sinema ya kuijibu ile, sinema ya wema badala ya uovu. Nia yake haikuwa mbaya, wala hatumlaumu kwayo.

William Goodhart, mwandishi wa hadithi, alichukua mawazo kwa Padri Pierre Teilhard de Chardin, Myezuiti wa Ufaransa aliyechimba mifupa ya kale, akafa New York mwaka 1955. Padri huyo alifundisha kwamba akili za wanadamu zinaelekea kukutana na kuwa kama akili moja. Mwaka 1962 Roma ilitoa onyo juu ya vitabu vyake. Kwa hiyo katika sinema Padri Merrin, aliyekwisha kufa, anashukiwa uzushi. Kardinali anamtuma Padri Lamont, aliyechezwa na Richard Burton, achunguze jinsi Merrin alivyokufa. Swali analokwenda nalo ni zito: kwa nini uovu unawaandama hasa watu wema?

Kwa swali kubwa namna hiyo, yatumika nini? Mashine. Ina taa ya kuwaka na kuzimika, na watu wawili wanaofungwa kwenye nyaya zake wanaingia pamoja katika usingizi mmoja na kuonana mawazo. Kwa njia hiyo padri anamwona Merrin akipigana na pepo miaka ile ya nyuma. Mahali pa sala wamepaweka chombo cha daktari, na taa yenyewe, twasema kweli, yafanana na taa ya baiskeli.

Kisha Lamont anakwenda Afrika kumtafuta Kokumo, mtu yule ambaye Merrin alimpunga pepo alipokuwa kijana. Nchi iliyotajwa ni Ethiopia, ambako kweli yapo makanisa yaliyochongwa ndani ya miamba, kama yale kumi na moja ya Lalibela. Lakini miamba na kijiji tunavyoviona vilijengwa ndani ya studio huko California, na mbingu yake ilipakwa rangi. Kokumo nalo si jina la Kiethiopia. Ni la Wayoruba wa Nigeria, ambao humpa mtoto aliyezaliwa baada ya ndugu zake kufa, maana yake kwamba huyu hatakufa tena. Mtu wa Kongo anajua tofauti ya Nigeria na Ethiopia. Waliounda Afrika hiyo hawakuuliza mtu. Tena watu wa Ethiopia, Wakristo tangu karne ya 4, wanaonyeshwa wakimpiga mgeni kwa mawe, na Mwafrika wa pekee mwenye maneno ya maana ni Kokumo, aliyechezwa na James Earl Jones.

Huyo Kokumo, alipokua, amekuwa mtaalamu wa nzige. Na hapa, katika sehemu iliyochekwa sana, ndipo sinema ilipokuwa karibu na ukweli. Kokumo anaeleza kwamba panzi akikaa peke yake hana madhara, lakini mabawa yakigusana wengi wanageuka kuwa jeshi moja la kuharibu; naye anatafuta kuzalisha nzige jike ambaye hatageuka, atakayewatuliza wenzake. Watazamaji wa Los Angeles na New York walicheka. Lakini tangu mwaka 1921 mtaalamu Boris Uvarov alikuwa ameeleza kwamba nzige mpole na nzige wa makundi ni mdudu mmoja, hali tu ndiyo inayobadilika. Na mwaka 2001 wataalamu wa Uingereza walithibitisha kwamba kinachomgeuza nzige wa jangwani ni kuguswaguswa miguu yake ya nyuma. Sisi wa Kongo hatuna la kuchekea hapo. Kati ya mwaka 1930 na 1944 nzige wekundu walitoka katika mabwawa ya Mweru wa Ntipa na Rukwa, karibu sana na Katanga, wakaenea karibu Afrika yote iliyo kusini ya ikweta.

Sinema ilionyeshwa kwanza tarehe 17 Juni 1977. Watu walikuja wengi siku za mwanzo, wakitaka kutishwa. Wakacheka mahali pa kuogopa, wakazomea. Blatty alikwenda kuiona, naye alisimulia baadaye kwamba ndiye aliyeanza kicheko katika nyumba ile ya sinema. Boorman akaikata upya na kubadili mwisho wake wakati tayari ilikuwa ikionyeshwa. Haikusaidia. Ilikuwa imegharimu kama dola milioni 14, na ikaingiza Marekani zaidi ya milioni 30, lakini jina lake liliharibika. Wachache waliitetea, kama Martin Scorsese.

Wengine wasema kwamba watu waliicheka kwa kuwa ilisema juu ya wema, na umati unapenda damu. Sisi hatukubali. Boorman alidhani sinema ya kwanza haina wema, akataka kuutia. Kumbe ulikuwamo, na ulinunuliwa kwa gharama: mapadri wawili walikufa kwa ajili ya mtoto asiye wa ukoo wao. Katika ile ya pili Regan anatokea tangu mwanzo kama mtakatifu mdogo, mavazi meupe, uso wa amani. Anainua mkono na nzige wanatulia. Tuogope nini kwa ajili yake?

Hata swali lile la Lamont lilikuwa limekwisha kujibiwa. Friedkin alikuwa amepiga picha ya Merrin na Karras wamekaa ngazini, wamechoka, na kijana anauliza kwa nini msichana huyu. Mzee anajibu kwamba shabaha si msichana, ni wale wanaomtazama, ili wakate tamaa na kujiona kama wanyama, wasiostahili kupendwa. Friedkin aliyakata mazungumzo hayo mwaka 1973. Blatty alisikitika miaka mingi, maana wako watu waliotoka wakidhani shetani ameshinda. Yalirudishwa mwaka 2000.

Blatty mwenyewe aliongoza sinema ya tatu, mwaka 1990, akaipita ile ya pili kana kwamba haikuwapo kamwe. Lakini maneno yale machache juu ya Afrika hayakuachwa yapumzike. Mkurugenzi Paul Schrader alitengeneza nyingine ya kuonyesha Merrin akiwa kijana, nchini Kenya, katika nchi ya Waturkana. Wenye kampuni hawakuipenda, wakamwita Renny Harlin aifanye yote upya. Ya Harlin ikatoka mwaka 2004, ya Schrader mwaka 2005. Picha za nchi hiyo ya Waturkana zilipigwa Moroko, na nyingine katika studio za Roma.