Saini ya kielektroniki: Muhuri wa nyaraka za kisheria

SAINI ya kielektroniki ni taarifa ya kompyuta inayoambatanishwa na waraka ili kumtambulisha aliyetia saini na kuonyesha kwamba ameyaridhia yaliyomo. Nchini Tanzania inatambuliwa na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, iliyopitishwa na Bunge mjini Dodoma na kuanza kutumika Septemba 1 mwaka huo.

Kabla ya hapo, njia ilifunguliwa mahakamani. Katika shauri la Trust Bank dhidi ya Le-Marsh Enterprises, lililofunguliwa mwaka 2000, Mahakama Kuu, Kitengo cha Biashara, ilikubali kumbukumbu za benki zilizotunzwa kwenye kompyuta ziwe ushahidi.

Ili saini ihesabiwe kuwa salama, sheria inataka mambo kadhaa: iwe ya pekee, imtambulishe mhusika, itiwe kwa njia iliyo chini ya mamlaka yake peke yake, na ifungamane na waraka kiasi kwamba badiliko lolote litaonekana. Kwa hiyo, picha ya saini ya kalamu iliyobandikwa kwenye faili haitoshi.

Kitaalamu, kompyuta hukokotoa namba fupi kutokana na waraka mzima, kisha huifunga kwa ufunguo wa siri wa mtia saini. Anayeupokea huihakiki kwa ufunguo wa wazi. Ikiwa hata nukta moja imebadilishwa, namba hazitalingana.

Hapo ndipo penye mtego kwa watunza kumbukumbu. Waraka uliopigwa picha hauwezi kutafutwa kwa jina au namba ya kiwanja mpaka programu iyasome maandishi yake na kuyaingiza ndani ya faili. Kazi hiyo ikifanywa baada ya saini, faili huwa limebadilika na uhakiki hushindwa. Yafaa itangulie saini, au faharasa itunzwe kando.

Kwa wakazi wa Dodoma, suala hili si la nadharia. Mei 2017 Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu (CDA) ilivunjwa, na majukumu yake yakahamishiwa Manispaa. Hati ya kiwanja yaweza kudumu kuliko ofisi iliyoitoa. Iliyotiwa saini salama, ikitunzwa pamoja na cheti cha mtia saini, huhakikiwa popote lilipohamia jalada.

Hata hivyo, saini haigeuzi uongo kuwa kweli. Huthibitisha tu nani aliyeyaridhia maandishi, na kwamba hayajaguswa tangu hapo.