Meli Hazikusimama: Wilson, Mafua na Oktoba ya 1918

Ukisoma fasihi ya Wamarekani kuhusu Vita Kuu ya Kwanza, utakutana na matope, mahandaki na mizinga hadi uchoke. Mafua yaliyoua Wamarekani wanaokadiriwa kufika 675,000 utayatafuta kwa tochi. Katherine Anne Porter ni mmoja wa wachache walioyaandika vizuri, katika Pale Horse, Pale Rider, kitabu kilichotoka mwaka 1939. Mwenyewe aliugua mafua hayo huko Denver akiwa mwandishi wa gazeti, na nusura azikwe. Ninachokipenda ni mpangilio wake. Kabla ugonjwa haujamfika Miranda, mhusika mkuu, wamemfika watu wa hatifungani za vita. Wanamkalia mezani kazini kwake wakimbana anunue, na mshahara wake hautoshi hata kujikimu. Serikali kwanza, virusi baadaye. Na hivyo ndivyo ilivyokuwa, bwana.

Mei 1918 Rais Woodrow Wilson alitia saini sheria ya uchochezi, ambayo ilifanya maneno ya kuikashifu serikali au jeshi wakati wa vita kuwa kosa la jinai. Tayari kulikuwa na kamati ya propaganda chini ya George Creel. Hakuna aliyewakataza wahariri kuandika neno mafua, ila kila mhariri alijua kwamba habari ya kutia watu hofu inaweza kuonekana kama usaliti. (Ndiyo maana tunasema mafua ya Kihispania. Hispania haikuwa vitani, magazeti yake yaliandika wazi, basi ikabebeshwa jina.)

Wimbi kali lilianzia kambini. Camp Devens, karibu na Boston, ilijengwa kwa ajili ya wanajeshi wapatao 36,000, lakini ilikuwa imefurika zaidi ya hapo. William Welch, daktari aliyeheshimika kuliko wote nchini, alifika pale tarehe 23 Septemba na kilichomtisha hakikuwa wingi wa maiti peke yake. Ni mapafu yao. Vijana wenye afya njema walikuwa wakigeuka rangi ya buluu na kufa ndani ya siku chache, wakizama katika majimaji ya vifua vyao wenyewe.

Sasa angalia tarehe hizi. Tarehe 26 Septemba Jenerali Enoch Crowder, aliyesimamia uandikishaji wa lazima, alifuta wito wa Oktoba uliokuwa uingize vijana 142,000 kambini. Ugonjwa ulikuwa umemlazimisha. Siku hiyohiyo, ng'ambo, Jenerali Pershing alianzisha mapigano ya Meuse-Argonne yaliyokuja kuua Wamarekani wapatao 26,000, naye alikuwa analilia askari zaidi. Tarehe 28, mjini Philadelphia, gwaride la kuuza hatifungani lilikusanya watu kama laki mbili barabarani. Madaktari walikuwa wameonya. Mkuu wa afya wa mji, Wilmer Krusen, akaliacha liendelee. Siku chache baadaye vitanda vya hospitali vilijaa, na katika muda wa wiki sita hivi mji ukapoteza watu zaidi ya 12,000.

Na tarehe 29, meli Leviathan iling'oa nanga Hoboken ikielekea Brest, Ufaransa, imebeba askari wapatao 9,000. Wagonjwa waliokutwa kabla ya safari walishushwa. Haikusaidia. Wapatao 2,000 waliugua njiani, sakafu za vyumba vya chini zikawa utelezi wa damu ya puani, na makumi walifariki kabla au mara tu baada ya kufika.

Madaktari wa jeshi hawakukaa kimya. Charles Richard, aliyekuwa akikaimu uongozi wa idara yao, alishauri askari kutoka kambi zilizoambukizwa wasisafirishwe mpaka ugonjwa upite. Mapema Oktoba Wilson alimwita Mkuu wa Majeshi, Peyton March, akamuuliza kwa nini anakataa kuwasikiliza. March alijibu kwamba meli zisisimame kwa sababu yoyote ile. Wajerumani wakisikia kwamba mkondo wa askari wa Marekani umekatika, watapata moyo upya. Na askari anayefia melini, kwake yeye, ametoa mchango wake sawa na anayefia Ufaransa. Wilson alikubali. Kisha, kwa kumbukumbu za March mwenyewe, akamwuliza kama amesikia kile kiwimbo cha mafua walichokuwa wakiimba watoto.

Hebu tumtendee haki March. Wakuu wa majeshi walikuwa wakipanga mashambulizi ya 1919, na hakuna aliyejua kwamba bunduki zingenyamaza tarehe 11 Novemba. Ukimweka mwezi Julai, hoja yake inasimama. Lakini usiku wa kuamkia tarehe 4 Oktoba Ujerumani ilikuwa imemwandikia Wilson kuomba mazungumzo ya kusimamisha vita. Adui aliyeogopwa asipate moyo alikuwa ameshapiga hodi. Hapo ndipo mimi ninapoachana na March. Unaweza kusema Wilson alihitaji nguvu mkononi ili ajadiliane, sawa. Ila zaidi ya askari milioni moja tayari walikuwa Ufaransa. Kijana aliyepandishwa meli Oktoba akiwa na homa hakuongeza nguvu yoyote. Aliongeza mzigo kwa hospitali za Brest, na kwa wachimba makaburi.

Ajabu ni kwamba jambo hili halikujadiliwa hadharani hata kidogo. Wilson alitoa rufaa kwa wapiga kura tarehe 25 Oktoba, akiwaomba wampe Bunge la chama chake ili aongoze amani. Kuhusu ugonjwa uliokuwa unamaliza familia zao, kimya. Mwanahistoria John Barry, aliyeandika The Great Influenza, anasema Rais hakuwahi kutoa tamko la hadharani juu ya mafua hayo, si Oktoba, si baadaye. Tarehe 5 Novemba Democrats walipoteza mabunge yote mawili. Sidai kwamba ni mafua yaliyowaangusha, maana hata wapinzani wao hawakuyafanya kuwa hoja. Pande zote mbili zilibishana kuhusu vita utadhani watu hawafi Philadelphia.

Meli zilizobeba majeshi na mizigo ya vita ziliusambaza ugonjwa kwenye bandari za dunia, na kwetu uliingia kupitia Mombasa katika miezi hiyohiyo, ukawakuta wapagazi wa Carrier Corps waliokuwa wameshachakazwa na njaa na kuhara. Tunao mitaa, Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi. Riwaya yao bado naisubiri.

Aprili 1919 ilifika zamu ya Wilson. Alikuwa Paris akivutana na Clemenceau juu ya masharti ya amani, alipoanza ghafla kukohoa na homa ikapanda vibaya. Wengine wanasema alipoinuka kitandani hakuwa mtu yuleyule, akaanza kukubali masharti aliyoyapinga. Wengine wanasema ni mwanzo wa kiharusi kilichomwangusha Oktoba mwaka huo. Mjadala haujaisha. Daktari wake, Cary Grayson, aliwaambia waandishi wa habari kwamba Rais ameshikwa na baridi, kwa sababu ya mvua za Paris.