Tezo ya Wamunyu

Bila shaka, msomaji, umepata kumwona swala wa mti. Husimama juu ya meza ya mtu, au katika dirisha la duka mjini Nairobi na Mombasa. Shingo yake imenyooka, miguu ni myembamba kama njiti, na mwili wote umesuguliwa hata unateleza mkononi. Ukimwona hushangai, maana umekwisha kumzoea. Pengine wadhani kwamba Wakamba wamekuwa wakichonga swala na twiga tangu enzi za mababu wa mababu zao. Sivyo hata kidogo. Kazi hii ya kuchonga sanamu ili ziuzwe ina umri wa miaka mia moja na kitu tu, na husimuliwa kwamba ilifika Ukambani katika mikono ya mtu mmoja. Mtu huyo aliitwa Mutisya wa Munge, wa Wamunyu, mahali palipo kwenye njia itokayo Machakos kwenda Kitui.

Lakini usidhani kwamba kabla ya Mutisya Wakamba hawakuwa na ufundi. Walikuwa mafundi hodari wa mikufu ya madini, wa mishale, na wa viti vya wazee vyenye miguu mitatu, ambavyo walivitia nakshi ya nyuzi za shaba. Tena walikuwa wafanyi biashara wakubwa. Misafara yao ilichukua pembe za ndovu mpaka pwani, na mmisionari Krapf alipofika Ukambani mwaka 1849 aliwakuta watu waliokwisha kuzijua njia za Mombasa kuliko yeye. Basi mkono mwepesi walikuwa nao, na jicho la sokoni walikuwa nalo. Kilichokosekana ni wazo la kuviunganisha viwili hivyo, yaani kuchonga kitu kisicho na kazi nyumbani, kwa sababu tu mgeni atakipenda na kukilipia.

Wazo hilo lilikuja kwa njia ya vita. Mwaka 1914 Waingereza na Wajerumani walianza kupigana katika Afrika ya Mashariki, na maelfu kwa maelfu ya watu wetu wakachukuliwa kuwa askari na wapagazi. Ukienda Kariokor mjini Nairobi, au Kariakoo mjini Dar es Salaam, kumbuka kwamba majina hayo mawili yametokana na kikosi cha wapagazi wa vita ile. Wengi walikwenda wasirudi. Waliuawa na njaa, homa na kuhara damu kuliko risasi. Mutisya alikuwa mmoja wa waliokwenda kutumika Tanganyika, naye alikuwa katika wale wenye bahati ya kurudi.

Mji wa Dar es Salaam ulitwaliwa na Waingereza mwezi wa Septemba, 1916. Wenyeji wa nchi ile ni Wazaramo, na Wazaramo ni wachongaji wa tangu zamani. Walichonga fimbo na viti, na walichonga mwana hiti, kisanamu kidogo kisicho na mikono, chenye kichwa na kishungi cha nywele, ambacho mwali alipewa wakati alipokuwa akiwekwa ndani. Wageni wa Kizungu walipoanza kupenda vitu vya namna hiyo, baadhi ya Wazaramo walitumia ufundi ule ule kuwachongea sanamu za kununua. Mutisya aliwaona wakifanya kazi. Nyumbani kwao yeye alikuwa tayari mchongaji wa viti na fimbo, kwa hiyo hakuhitaji kufundishwa kushika tezo. Alichohitaji ni kukaa karibu, kutazama, na kuruhusiwa kujaribu. Aliruhusiwa. Neno hilo dogo lastahili kuangaliwa vizuri, maana fundi wa Kizaramo angeweza kumfukuza mgeni huyu asiyekuwa wa ukoo wake wala wa lugha yake, na leo swala wako asingekuwapo mezani.

Vita vilipokwisha Mutisya alirudi Wamunyu, akaanza kuchonga na kuuza. Na hapa ndipo habari yake inapogusa moyo, kwa kuwa husimuliwa ya kwamba mwanzoni aliificha kazi yake. Alijitenga na watu akachonga, na siri hiyo wakaijua watu wa nyumbani kwake tu. Usimcheke. Wamunyu ni nchi kavu, na mtu aliyepata njia ya fedha isiyotegemea mvua ana haki ya kuogopa kwamba wengi wakiifuata itakwisha. Hata wewe, ukigundua namna rahisi ya kufanya hesabu ngumu, huenda usiitangaze darasani siku ya kwanza. Lakini siri ya kazi ya mikono ni siri mbaya kuificha. Vipande vya mti hubaki chini, mlio wa tezo husikika, na jirani huona kwamba kodi imelipwa bila ng'ombe kuuzwa. Watoto wake walijifunza, kisha ndugu, kisha majirani, hata kila kijana wa Wamunyu aliyetaka aliweza kuketi chini ya mti kando ya mchongaji akapewa kipande kibovu cha kuharibu.

Haja ya fedha nayo ilikuwa kubwa. Watu walidaiwa kodi, na mvua zilikuwa za kubahatisha. Kisha mwaka 1938 Serikali ya kikoloni iliwalazimisha Wakamba wa Machakos kupunguza mifugo yao, ikawachukua ng'ombe na kuwauza kwa bei ndogo. Wake kwa waume walitembea kwa miguu mpaka Nairobi kumlalamikia Gavana, wakakaa huko kwa majuma kadhaa, na kiongozi wao, Muindi Mbingu, akakamatwa na kupelekwa Lamu. Mtu aliyeona ng'ombe wake wakiswagwa hivyo hakosi kuelewa faida ya mali iliyomo mikononi mwake mwenyewe. Baada ya Vita Kuu ya Pili, wakati askari, mabaharia na watalii walipozidi, Wakamba waliojaa sanamu mifukoni walionekana kila mahali, mbele ya hoteli za Nairobi, bandarini Mombasa, na hata Kampala.

Napenda utazame jinsi kazi yenyewe ilivyo, kwa maana yafundisha. Mchongaji huketi chini, akaushika mti kwa mguu, na kuuchonga kwa tezo kuelekea kwake mwenyewe. Haandiki mstari wowote juu ya mti. Umbo limo kichwani mwake, na kila pigo haliwezi kurudishwa. Mti mbichi ni laini kuchongwa, lakini sanamu iliyochongwa kwa mti mbichi hupasuka ikikauka, na mnunuzi wa ng'ambo ataona ufa huo nyumbani mwake akiwa mbali asikoweza kudai fedha zake. Mti mkavu nao hulegeza makali ya chuma, hasa mpingo, ambao ni mzito hata huzama majini. Baada ya tezo huja kisu, na baada ya kisu tupa na msasa. Hapo kazi huwa ya watu wengi. Mmoja alianza swala, mwingine akamtoa masikio, na wanawake na watoto wakamsugua mpaka akang'aa. Mwisho hupakwa nta au rangi ya viatu. Siri moja nitakutolea. Rangi nyeusi ya viatu imewafanya wanunuzi wengi waamini kwamba wamenunua mpingo, kumbe ni mti mwingine kabisa. Sisifu jambo hilo, lakini limekuwapo.

Je, kazi iliyogawiwa watu wote ilipoteza kitu? Naam, ilipoteza. Maelfu walipojua kuchonga swala, swala wote walifanana, na kilichouzika jana ndicho kilichochongwa leo. Bei ilishuka, na wachuuzi wenye fedha walinunua kwa senti wakauza kwa shilingi. Kwa ajili hiyo katika miaka ya 1960 wachongaji walijikusanya katika vyama vya ushirika, huko Wamunyu kwenyewe, na Changamwe mjini Mombasa. Katika chama cha namna hiyo mwanachama huleta kazi yake ghalani ikiwa na namba yake, na ikiuzwa chama hukata sehemu yake, kinachobaki akapewa mwenye namba. Hivyo fundi mwema aliweza kutambuliwa tena, ijapokuwa kwa namba tu.

Hasara iliyo kubwa zaidi iliipata miti. Muhugu, mti wenye harufu nzuri upatikanao katika misitu iliyo karibu na Nairobi na katika msitu wa Arabuko-Sokoke, hukua polepole mno, na mpingo huhitaji miaka mingi kuliko umri wa mtu mmoja wa kazi. Wachongaji walifuata magogo mbali zaidi kila mwaka. Katika miaka ya 1990 wataalamu wa misitu waliwahimiza wageukie miti ikuayo upesi, kama vile mwembe, mjakaranda na mwarobaini. Wazee wengine waliinung'unikia, wakisema ni miti ya kivuli, si ya sanamu. Hata hivyo mwarobaini, ambao watu wa pwani wameupanda uani kwa ajili ya dawa na kivuli, umeonekana kuwa na mti mwekundu mzuri usioharibiwa upesi na wadudu, na mchongaji wa Mombasa aweza kuununua kwa jirani badala ya kuufuata msituni.

Mutisya wa Munge jina lake tunalo, na watu wa Wamunyu hulitaja. Yule fundi wa Kizaramo, aliyemwacha mgeni aketi karibu naye wakati wa vita na kutazama mikono yake, jina lake halikuandikwa na mtu. Siku nyingine ukimshika swala wa mti, mgeuze utazame chini ya kwato zake. Huenda ukakuta karatasi ndogo yenye namba.