Matairi na rimu za magari ya rali

Matairi na rimu za magari ya rali katika Afrika Mashariki huchaguliwa kwa kuzingatia aina ya ardhi, uzito wa gari, ukubwa wa breki na kanuni za mashindano. Kanda hii haina desturi kubwa ya mbio za viwanja vya lami. Ujuzi wake wa matairi umekulia kwenye barabara za vumbi, mawe na tope, hasa katika Safari Rally ya Kenya. Kwa sababu hiyo kigezo kinachotangulia ni ustahimilivu, na kasi hufuata: tairi jepesi linaloweza kuokoa sekunde chache hupoteza faida yote likipasuka mara moja.

Historia

Mashindano yaliyoweka msingi wa ujuzi huo yalianza mwaka 1953 kwa jina la Coronation Safari, kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II. Njia zake zilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Magari yalikuwa ya kawaida ya dukani, yakikimbia kwa rimu za chuma na matairi membamba yenye mpira wa ndani. Yaliitwa East African Safari kuanzia 1960, na Safari Rally kuanzia 1974. Baadaye katika muongo huo wa 1970 njia ilipunguzwa ikabaki ndani ya Kenya pekee.

Kwa kuwa mbio zilifanyika wakati wa Pasaka, msimu wa masika, tope lilikuwa adui mkubwa kuliko mawe. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84 yakamaliza 7. Mwaka 1968 yaliondoka 93, na mara hii pia yakamaliza 7. Mshindi wa miaka yote miwili alikuwa Nick Nowicki kwa Peugeot 404, gari ambalo halikuwa na kasi ya kutisha ila lilikuwa na magurudumu makubwa na tumbo lililoinuka juu ya ardhi. Joginder Singh wa Kenya alishinda mwaka 1965 kwa Volvo PV544, kisha 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Colt Lancer. Shekhar Mehta, naye wa Kenya, alishinda mara tano kwa Datsun: 1973, na mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982.

Katika miaka ya 1980 nguvu za injini ziliongezeka kuliko uwezo wa matairi. Toyota Celica yenye turbo, inayosukumwa na magurudumu ya nyuma tu, ilishinda 1984, 1985 na 1986. Timu kubwa zilitawanya magari ya huduma njiani na kurusha helikopta juu ya washindani, hivyo tairi liliweza kubadilishwa mara kwa mara. Katika muongo huo pia ndipo liliposambaa povu la mpira linalojazwa ndani ya tairi. Hewa ikitoka, povu hutanuka na kushika nafasi yake, na dereva huendelea bila kusimama. Povu hilo lilipigwa marufuku katika Ubingwa wa Dunia wa Rali mwaka 2008, na tangu hapo gurudumu la akiba limerudi kuwa hesabu muhimu ya kila timu.

Safari Rally iliondolewa katika Ubingwa wa Dunia baada ya mwaka 2002, ikarejea Juni 2021 na makao yake Naivasha. Hatua za mbio kama Kedong na Sleeping Warrior zimejulikana kwa vumbi laini linalofunika mawe makali. Dereva haoni anachokanyaga, na ubavu wa tairi hukatika kabla ya uso wake kuchakaa.

Rimu

Magari mengi ya ubingwa wa kitaifa nchini Tanzania, Kenya na Uganda kwa muda mrefu yamekuwa Subaru Impreza na Mitsubishi Lancer Evolution. Kwa nje rimu zao hufanana, lakini hazibadilishani kirahisi. Impreza STI za mwanzoni zina nati tano kwenye duara la milimita 100, na kuanzia toleo la 2005 duara hilo ni milimita 114.3, sawa na Lancer Evolution. Tundu la katikati la Subaru ni milimita 56.1 na la Mitsubishi ni 67.1. Kwa hiyo rimu ya Mitsubishi huingia kwenye habu ya Subaru ya duara hilohilo ikihitaji pete ya kujaza nafasi, ilhali rimu ya Subaru haiingii kabisa kwenye habu ya Mitsubishi. Nati nazo hutofautiana nyuzi: M12x1.25 kwa Subaru, M12x1.5 kwa Mitsubishi. Kulazimisha nati isiyo yake huharibu bolti za habu.

Kipimo kingine ni ET, yaani umbali kati ya mstari wa katikati ya rimu na uso wake unaokaa kwenye habu. ET ikipungua, gurudumu husogea nje. Gari hupendeza machoni, lakini beringi huelemewa na tairi hukwaruza madigadi kila springi zinapojikunja. Lancer Evolution IX hutoka kiwandani na rimu ya inchi 17 yenye ET 38, na Impreza STI ya inchi 17 ina ET 53.

Kwenye changarawe ukubwa unaotumika ni inchi 15 kwa upana wa inchi 7, na kwenye lami ni inchi 18 kwa upana wa inchi 8. Rimu ndogo huacha nafasi ya tairi lenye ubavu mrefu, ambalo humeza mshtuko wa jiwe kabla haujafika kwenye chuma. Breki kubwa za Brembo za Impreza na Lancer haziingii ndani ya rimu ya kawaida ya inchi 15, hivyo timu hufunga diski ndogo zaidi kwa ajili ya changarawe. Spoti rimu za bei nafuu za kumiminwa, zinazouzwa kwa urembo wa magari ya mjini, hupasuka zikigonga jiwe. Rimu za rali hutengenezwa nene zaidi kwenye ukingo wa ndani.

Matairi

Namba za ubavuni husomeka kwa mpangilio wa upana, uwiano wa ubavu na kipenyo cha rimu. Tairi la changarawe la 205/65 R15 lina kimo cha takriban milimita 648. Lile la lami la 235/40 R18 lina milimita 645. Kimo kikiwa karibu sawa, gia na mita ya mwendo hazivurugiki gari linapohamishwa kutoka ardhi moja hadi nyingine.

Mpira laini hushika vizuri kwenye ubaridi na unyevu lakini huliwa haraka na mawe makavu, na mpira mgumu hudumu ila huteleza asubuhi. Meno yaliyoachana hutema tope, na yaliyokaribiana hutulia kwenye ardhi ngumu. Tairi jembamba hukata tabaka la tope na kufikia ardhi imara.

Tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT huonesha wiki na mwaka wa kutengenezwa: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mnunuzi wa tairi za mtumba hutakiwa kuanzia hapo, kwa kuwa tairi lenye meno mazima laweza kuwa limekauka kwa umri.

Upepo

Upepo hupimwa tairi likiwa limepoa. Upepo wa gari linalopanda kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya, takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, huongezeka karibu psi 2.5 kwenye geji kwa sababu hewa ya nje ni nyepesi. Baridi hufanya kinyume: katika tairi la psi 30, kila nyuzi 10 za joto zinazopungua hushusha karibu psi 1.5. Mafundi wazoefu hupima upya wafikapo.

Nyanda za Juu Kusini

Iringa imekuwa mwenyeji wa raundi za ubingwa wa taifa, na ndiko anakotoka dereva Ahmed Huwel. Mkwawa Rally, iliyokuwa raundi ya Ubingwa wa Afrika mjini Morogoro mwaka 2024, hubeba jina la mtwa, yaani mtawala, wa Wahehe. Barabara za Iringa ni za moramu, ngumu chini na zenye kokoto zinazoviringika juu, na huhitaji mpira mgumu.

Bonde la Usangu ni habari nyingine. Ubaruku, mji wa mpunga katika Wilaya ya Mbarali usio mbali na Rujewa, hauna kiwanja cha mbio. Udongo wake mweusi hupasuka nyufa kiangazi na kugeuka ulimbo masika. 

Viwanja vya lami

Tairi la kiwanjani lina meno machache na hushika vizuri likishapata joto. Kiwanja mashuhuri barani ni Kyalami, Afrika Kusini, kilichofunguliwa mwaka 1961.

Hali ya sasa

Pirelli ilikuwa mtoaji pekee wa matairi ya daraja la juu la Ubingwa wa Dunia kuanzia 2021 hadi 2024, na Hankook ilichukua nafasi hiyo mwaka 2025. Kiwanda cha General Tyre cha Arusha kilisimamisha uzalishaji mwishoni mwa miaka ya 2000, na Sameer Africa ya Nairobi iliacha kutengeneza matairi mwaka 2016. Matairi ya rali huagizwa kutoka nje. Mashindano ya Tanzania husimamiwa na Chama cha Magari Tanzania (AAT).