Profesa, banki na ng'ombe wa Marsabit

Hapa kwetu Kindu mwenye lisansi ya finansi na mtu wa banki wanakutana sana sana wakati wa staji. Mwanafunzi anapewa karatasi za kupanga, anasainiwa, anarudi nyumbani. Kaskazini ya Kenya mambo yalienda njia ingine, na ile historia inatugusa hata sisi watu wa agronomia.

Kule Marsabit watu wanaishi kwa mifugo. Mvua ikikosa mara mbili, majani yanaisha, ng'ombe wanakufa, familia inabaki mikono mitupu. Makampuni ya bima, ile tunaita hapa asuransi, yalikuwa yanaogopa. Nani atatuma mtu mbali vile kuhesabu mizoga, tena ajue kama kweli mnyama alikufa kwa ukame?

Andrew Mude, Mkenya aliyesoma uchumi mpaka udaktari Cornell, Marekani, alikuwa anafanya kazi ILRI, kituo cha utafiti wa mifugo Nairobi. Yeye na Christopher Barrett, Michael Carter na Sommarat Chantarat wakafikiria kupima majani kuliko kuhesabu mizoga. Setilaiti zinapima ukijani wa ardhi tangu miaka ya 1980. Wakalinganisha vipimo vile na hesabu za vifo vya mifugo ambazo mradi wa serikali ulikuwa unakusanya kila mwezi kwa wafugaji wenyewe. Wakapata fomula: ukijani ukishuka kiasi hiki, vifo vitafika asilimia fulani. Vikipita 15, kila mwenye bima katika eneo lile analipwa, bila mtu kwenda kuangalia zizi lake.

Lakini chuo kikuu hakiuzi bima. Kampuni ya UAP ilikubali kubeba hasara, Swiss Re ikachukua sehemu ya mzigo, Equity Bank ikauza mikataba, na Januari 2010 kazi ikaanza. Wafugaji walielezwa kwa michezo ya kubahatisha mvua, na hesabu ikawekwa kwa lugha yao: ng'ombe mmoja ni sawa na mbuzi kumi. Mwaka 2011 ukame mkali ukapiga Pembe ya Afrika. Oktoba, wafugaji karibu 650 wakalipwa.

Hapo ndipo mambo yananipendeza zaidi, kwa sababu maprofesa nao walirekebishwa. Pesa ilikuwa inafika mnyama amekwisha kufa. Mfugaji anataka pesa mapema, anunue majani na maji, mnyama aishi. Mkataba ukabadilishwa ulipe majani yanapopungua. Kule Wajir, kwa Waislamu, ikabidi Takaful Insurance of Africa iingie mwaka 2013 na bima inayofuata sharia. (Watu wa Kasongo wataelewa haraka.) Mwaka 2015 serikali ya Kenya ikaanzisha mpango wake. Shida moja tu haijaisha: setilaiti inaweza kusema eneo ni salama, kumbe ng'ombe wako wamelala chini. Umelipa, hupati kitu.

Sasa wenzangu wengine watasema tulete hiyo kwa mpunga wetu wa Maniema. Polepole. Marsabit kijani maana yake ni chakula cha mnyama. Hapa pori ni kijani mwaka mzima, mawingu yanafunika, na shamba lililoshindwa na magugu litaonekana zuri kabisa kutoka juu. Fomula yao haitufai. Namna yao ya kufanya kazi pamoja ndiyo inatufaa. Na mlango uko wazi: sheria ya 2015 ilimaliza enzi ya SONAS peke yake kwenye bima nchini Kongo.

Lakini kampuni yoyote ikija itauliza kwanza daftari: kilo ngapi, shamba gani, msimu gani, miaka mingapi mfululizo? Wale wa Marsabit walikuwa nalo kabla profesa hajafika. Ninyi wa finansi, tunaweza kulianza pamoja msimu huu, Kibombo ama Kailo?